Mvua ya Watawa na Mvua ya Bwera

Desturi ya watawa wa Kibudha kutulia mahali pamoja miezi mitatu ya mvua ililetwa na manung'uniko ya watu wa kawaida. Karne tano hivi kabla ya Kristo, mjini Rajagaha, katika nchi ambayo leo ni jimbo la Bihar huko India, watu waliwaona wafuasi wa Buddha wakitembea majira yote, baridi, joto na mvua, wakaanza kusema. Hawa wanakanyaga majani mabichi, walisema, wanadhulumu uhai wa mimea, wanaua vijidudu vingi. Watawa wa madhehebu mengine hutulia mvua ikinyesha. Hata ndege hujenga viota juu ya miti wakatulia. Ni hawa tu wasiojua kukaa.

Maneno yakamfikia Buddha. Hakubishana nao wala hakuwaambia kwamba mtu aliyeacha nyumba hana deni na shamba la mtu. Aliwaagiza watawa wake: mvua ikija, kaeni.

Mimi ni Mkonzo wa Bwera, magharibi mwa Uganda, mpakani na Kongo, mwalimu mstaafu wa historia. Shamba letu liko upande wa mlima Rwenzori, kwenye mteremko, na njia ya miguu inapita katikati yake kama zinavyopita njia zote za huku. Mvua ya Agosti ikishashuka na maharage kuanza kuchipua, njia hiyo huzibwa kwa tawi la miiba, na mpita njia anayeliruka tawi huitwa majina ambayo siwezi kuyaandika hapa. Nilipomsimulia jirani yangu habari za Rajagaha, mama aliyezeeka na jembe mkononi, hakuniuliza Buddha ni nani. Aliuliza, "Mwalimu, na waliwalipa?"

Hawakulipwa, mama. Walitungiwa sheria.

Sheria hiyo imo katika Vinaya, mkusanyo wa kanuni za watawa, ambao mimi niliusoma katika tafsiri ya Kiingereza ya Isaline Horner, mabuku 6 yaliyotoka kati ya 1938 na 1966. Mwanafunzi wangu wa zamani anayefanya kazi Entebbe aliniletea buku la nne, akijua kwamba mzee aliyestaafu hana cha kumzuia kusoma. Nilitarajia mafundisho mazito juu ya nafsi na mauti. Nilikuta matope, nguo zilizolowa, na watu wanaosemwa na majirani zao.

Kiini chake ni kifupi. Siku za kuingia ni mbili: ya kwanza ni kesho yake ya mwezi mpevu wa Asalha, ambao kwa kawaida huangukia Julai, ya pili ni mwezi mmoja baadaye, kwa aliyechelewa. Ukishaingia, huendi safari mpaka miezi mitatu itimie. Mtawa akiitwa kwa jambo la kweli, kwa mfano mwenzake ni mgonjwa, mama yake yu taabani, au mtu amejenga nyumba ya watawa na anataka kuikabidhi, aende, lakini arudi ndani ya siku 7.

Baada ya hapo sheria inarefuka, kwa sababu watu ni watu. Imekatazwa kumaliza mvua ndani ya shimo la mti. Imekatazwa kwenye panda ya mti, mahali pa wazi, katika nyumba ya maiti, chini ya mwavuli, na ndani ya mtungi. Nilikuwa mwalimu wa bweni kwa miaka mingi na najua jinsi kanuni za namna hii zinavyozaliwa: hakuna anayekataza jambo ambalo bado halijafanywa. Kwa hiyo palikuwa na mtawa aliyekaa mvua nzima ndani ya mtungi wa maji, na palikuwa na wanakijiji waliokuja kumtazama. Vinaya inaandika hata walichosema. Aliyekaa shimoni mwa mti walisema anafanana na pepo. Aliyekaa kwenye panda ya mti walisema anafanana na mwindaji. Wa mwavuli walisema anafanana na mchunga ng'ombe. Kila mara neno la mtaani ndilo linalofika kwa Buddha, na kila mara kanuni mpya inafuata.

Kuna pia ruhusa, na hizo ndizo ninazozipenda zaidi. Mtawa mmoja alitaka kukaa mvua katika zizi la wafugaji. Akaruhusiwa. Kisha wafugaji wakahama na ng'ombe wao, na zizi likahama nao. Buddha akasema: basi lifuate zizi. Hivyo hivyo kwa aliye na msafara wa wafanyabiashara, na hivyo hivyo kwa aliye ndani ya mashua. Kutulia kumbe si lazima ardhi itulie chini yako. Wasongora wetu wa nyanda za chini, ambao ng'ombe wao wamehamahama kati ya Kasese na Kongo tangu zamani, wasingehitaji mfasiri kwa ukurasa huo.

Tena kuna hili. Ikiwa kijiji kinachowalisha watawa kimehama kwa sababu ya wanyang'anyi, watawa wafuate kijiji. Kijiji kikigawanyika sehemu mbili, wafuate iliyo kubwa. Na kama walio wengi hawana imani, wawafuate wachache walio nayo. Niliposoma mistari hiyo nilikifunga kitabu kwa muda. Novemba 1996 waasi wa ADF waliingia Mpondwe, mji wetu wa mpakani, kutoka ng'ambo ya mpaka, na miezi iliyofuata watu wa mlimani walishuka na magodoro kichwani, koo zikagawanyika, wengine wakielekea mashuleni na wengine makanisani, wengine kwa ndugu mjini Kasese. Wachungaji, mapadri na mashehe walikuwa na uamuzi ule ule wa kufanya: nani wa kumfuata. Walioamua vizuri walikaa na watu wao. Sikujua kwamba swali hilo lilikwisha kujibiwa na mtu miaka 2,500 hivi iliyopita, tena chini ya kichwa cha habari juu ya mvua.

Na mafuriko je? Yamo. Makao yakichukuliwa na maji, mtawa anaweza kuondoka, na hahesabiwi kosa. Mto Nyamwamba ulipofurika Mei 2013, na tena Mei 2020, ulishuka na mawe makubwa kama ng'ombe, ukaipiga hospitali ya Kilembe na nyumba za mgodi zilizojengwa kandokando yake. Mwaka 2020 mito mingine nayo iliamka, Mubuku, Nyamugasani, hata Lhubiriha unaotutenga na Kongo. Baba yangu alifanya kazi Kilembe siku ambazo shaba ilikuwa inateremka kwa reli iliyofika Kasese 1956, na Kiswahili changu nilikipata katika nyumba hizo hizo, kwa sababu ndicho Mkonzo, Mluo, Mkiga na Mkongo walichosikilizana nacho. Mengi ya makao yale leo ni mchanga na mawe.

Tuelewane juu ya mvua yenyewe. Mvua ya Bihar ni moja. Inaingia Juni, inapiga mpaka Septemba, mito ya Ganga inavimba, na barabara za udongo zinakuwa uji. Wafanyabiashara walisimamisha misafara. Hata watawa wa dini nyingine, Wajaini miongoni mwao, walikuwa na mapumziko yao ya miezi hiyo kabla Buddha hajayaweka. Watu wa Rajagaha hawakuomba jambo geni. Waliomba watawa hawa wafanye kile ambacho kila mwenye akili alikuwa akikifanya.

Kwetu mstari wa ikweta unapita Kikorongo, ndani ya wilaya yetu ya Kasese, na mvua ni mbili: ya Machi hadi Mei, na ya Agosti hadi Novemba. Kila moja imewahi kumfundisha mgeni adabu. Novemba 1905 Waingereza Douglas Freshfield na Arnold Mumm, wapanda milima wenye sifa Ulaya, walikuja kupanda Rwenzori kwa bonde la Mubuku. Mvua iliwapiga, tope likawameza mpaka magotini, ukungu ukawaficha vilele, wakarudi. Duke wa Abruzzi kutoka Italia alijifunza kwa waliomtangulia, akaja baada ya mvua ya kwanza, na tarehe 18 Juni 1906 alisimama juu ya kilele cha Margherita. Vitabu vinamsifu kwa ujasiri. Mimi ningemsifu kwa kuiangalia kalenda, na ningewasifu wapagazi, Wakonzo wakiwamo, waliojua bila kitabu kwamba mlima wa Kithasamba hauendewi Novemba. Kithasamba ni mwenye theluji katika imani ya wazee wetu, na kwa wazee kupanda kwake bila ruhusa na bila majira kulikuwa utovu wa adabu kabla hakujawa hatari.

Katwe nako, penye ziwa la chumvi, uchimbaji una majira yake. Ziwa lile halina mto unaotoka. Jua linakausha maji, chumvi inabaki kwenye vidimbwi vilivyozungushiwa tope. Mvua ikizidi, maji yanakuwa mengi, makali ya chumvi yanapungua, na mwenye kidimbwi anakaa nyumbani akitazama mali yake ikiyeyuka. Kwa karne nyingi chumvi hiyo ilipelekwa mbali, hata wafalme wa Bunyoro na Toro wakaigombea, na Kapteni Lugard, Mwingereza, alipofika 1891 akaiwekea ngome. Lakini hakuna mfalme wala kapteni aliyeweza kuichimba chumvi kwa wingi katikati ya mvua. Kule India mvua ilimtuliza mtawa. Huku ilimtuliza mfanyabiashara. Ubudha haukuleta wazo la kutulia. Uliligeuza kuwa miadi.

Miadi na nani, hilo ndilo ninalolifuata. Watawa hawa hawakupika. Walipita asubuhi na bakuli, wakala walichopewa. Mtawa anayetangatanga anaweza kula leo hapa na kesho kule, na asijulikane vizuri na mtu yeyote. Mtawa anayekaa miezi mitatu kijiji kimoja anajulikana. Akilala sana, watamsema. Akigombana na mwenzake, watamsema. Nao kwa upande wao watapata cha kumuuliza. Kutokana na majira hayo ya mvua zilizaliwa nyumba za watawa za kudumu, kwa sababu mahali palipotulizwa miezi mitatu kila mwaka palipata paa, kisha kisima, kisha ukuta.

Siku takatifu zenyewe zilikuja kwa njia hiyo hiyo. Mfalme Bimbisara wa Magadha, yule aliyempa Buddha shamba la mianzi nje ya Rajagaha, aliona kwamba watu wa dini nyingine hukutana siku ya 8, ya 14 na ya 15 ya nusu ya mwezi, husema mambo ya dini yao, na hupata wafuasi. Akashauri watawa wa Buddha wakutane pia. Wakakutana, wakakaa kimya. Watu waliokuja kusikiliza wakarudi nyumbani wamekasirika: mbona wamekaa kama nguruwe bubu? Hapo Buddha akawaruhusu waseme. Kila mahubiri ya siku ya mwezi yana deni kwa wale wanakijiji waliochoka kutazama nguruwe.

Siku hizo huitwa uposatha. Mwezi ukiwa mpevu na mwezi ukiwa umeandama, watawa hukutana na kusoma kanuni zao, ambazo katika madhehebu ya Theravada ni 227 kwa wanaume, na mwenye kosa hulikiri kabla ya kusoma. Raia wa kawaida huvaa nyeupe, hushika amri nane kwa siku moja, hali baada ya adhuhuri, halali kitanda cha anasa. Mwezi mpevu wa Mei ni Vesak, siku ya kuzaliwa Buddha, ya kuamka kwake na ya kufa kwake, ambayo Umoja wa Mataifa uliitambua mwaka 1999. Mwezi mpevu wa Asalha ni ukumbusho wa hotuba ya kwanza ya Buddha, kwa wale watawa watano aliowakuta Isipatana karibu na Varanasi. Kesho yake mvua inaanza kwa sheria, kama haijaanza kwa mawingu.

Bwera tunavijua vita vya siku takatifu. Mtaa mmoja una Wasabato wanaofunga duka Ijumaa jua likizama, Waislamu wanaokwenda msikitini mchana wa siku hiyo hiyo, na Wakatoliki na Waanglikana wa Jumapili. Mnunuzi wa kahawa asiyezijua siku za watu hapati kahawa. Nilikuwa nikidhani sisi ndio tuliozidi. Kisha nikasoma kwamba mwaka 1966 serikali ya Ceylon, nchi ambayo sasa ni Sri Lanka, ilifuta mapumziko ya Jumamosi na Jumapili, ikaweka siku za mwezi mahali pake: mwezi mpevu, mwezi mwandamo, na robo zote mbili. Mwezi haugawanyiki kwa 7 bila baki, hivyo juma moja lilikuwa la siku 7 na jingine la 8. Fikiria karani wa benki mjini Colombo anayepaswa kuzungumza na London. Sheria ya sikukuu ya 1971 ikairudisha Jumapili, na siku ya mwezi mpevu ikabaki mapumziko mpaka leo, kila mwezi.

Kwa msomaji Mwislamu kuna jambo la kupimia. Ramadhani huzunguka mwaka mzima, ikaja mara kwenye jua na mara kwenye mvua, kwa sababu miezi 12 ya mwezi ni pungufu ya siku 11 hivi kuliko mwaka wa jua, na Uislamu hauongezi mwezi. Kalenda ya Wabudha huongeza, mara kwa mara, ili Asalha isiteleze ikaacha mvua nyuma. Hata hili limo katika Vinaya: Bimbisara alitaka kusogeza mvua mbele kwa mwezi mmoja, akawatumia watawa ujumbe waingie mwezi mpevu unaofuata. Wakampelekea Buddha habari hiyo. Buddha akasema wawafuate wafalme. Nimewahi kuwasomea jibu hilo wanasiasa wawili wa wilaya, na wote wawili walilipenda, jambo lililonitia wasiwasi.

Miezi mitatu ikitimia, watawa hawatawanyiki tu. Kuna sherehe ya kuambiana. Kila mmoja, kuanzia mkubwa hadi mdogo, huchuchumaa mbele ya wenzake na kuomba aelezwe kosa lolote walilomwona nalo, walilolisikia au walilolishuku. Desturi hii nayo ina hadithi. Kikundi kimoja cha watawa kiliamua kukaa mvua yote bila kusemezana, wakitumia ishara za mikono kubeba mtungi wa maji, ili wasigombane. Walipofika kwa Buddha wakiwa na fahari ya amani yao, aliwakemea: mmeishi kama mifugo, kama kondoo. Kukaa bila ugomvi kwa sababu hamkusema neno hakuhesabiki. Ndugu wenye mashamba yanayopakana, ambao huku kwetu wanaweza kumaliza misimu mingi ya kahawa bila salamu, wangefaa kusomewa ukurasa huo na mtu ambaye si jamaa yao.

Kisha ni nguo. Watawa 30 wa msituni walikuwa njiani kwenda Savatthi kumwona Buddha, siku ya kuingia mvua ikawakuta Saketa, mwendo wa siku chache tu kutoka alipo. Sheria ni sheria. Wakakaa miezi mitatu wakijua yuko karibu na hawamwoni. Ilipokwisha wakaenda mbio, mvua ikiwa bado inanyesha, ardhi yote vidimbwi, wakafika nguo zikichuruzika. Buddha akaruhusu basi kwamba baada ya mvua watawa wapokee nguo na kuzishona pamoja, ndani ya mwezi unaofuata. Hiyo ndiyo kathina. Kitambaa lazima kikatwe, kishonwe na kutiwa rangi siku hiyo hiyo, na apewe mmoja anayestahili. Katika Burma na Thailand kuna vijiji ambako wanawake huanza na pamba yenyewe, wakasokota na kufuma usiku kucha ili alfajiri nguo iwe tayari.

Mwanamke mwingine wa mvua ni Visakha, tajiri wa Savatthi. Alimtuma mjakazi wake kwenda kuwaita watawa kula. Mjakazi akarudi akasema hakuna watawa, kuna watu uchi wanaoga mvuani. Walikuwa ni wao, nguo zao wameziweka kando. Visakha hakucheka, wala hakunyamaza. Alimwomba Buddha ruhusa ya kuwapa nguo ya kuogea mvua kila mwaka, maisha yake yote, na jina la nguo hiyo limo katika kanuni hata sasa. Kama ningeulizwa ni nani waliozitunga desturi za mvua, ningewataja hawa kwanza: watu wa Rajagaha, watu waliochoka na ukimya, na mama aliyeona aibu kwa niaba ya wengine.

Mtawa huhesabu umri wake kwa mvua. Mwenye mvua chini ya 5 yuko chini ya mwalimu. Mwenye 10 anaweza kuwapokea wengine. Na kijana mwenye mvua nyingi huketi juu ya mzee aliyeingia jana. Katika Thailand wanaume wengi huvaa njano kwa mvua moja tu, kisha wakarudi kuoa, na wengi husubiri mpaka miezi hiyo mitatu ipite ndipo wafanye harusi.

Hesabu hiyo ya mvua imefika kwetu. Dar es Salaam, mtaa wa Upanga, kuna hekalu lililoanzishwa na Wasinhala waliokuja kufanya kazi mwanzoni mwa karne ya 20, na uani mwake kuna mti wa bodhi. Huko watawa huingia mvua Julai, wakati wa kipupwe, jiji zima likiwa vumbi. Na Uganda tuna mtawa wetu. Buddharakkhita alizaliwa 1966, akaitwa Steven Kaboggoza, akaenda India kusoma mwaka 1990 na huko akawakuta watawa. Alipokelewa utawani mwaka 2002 huko California chini ya U Silananda wa Burma, na mwaka 2005 akaanzisha kituo cha Wabudha huko Garuga, karibu na ziwa, upande wa barabara ya Entebbe. Nilifika huko Agosti mmoja nikiongozwa na yule mwanafunzi wangu. Jua lilikuwa linawaka. Nilikaa chini ya mti nikifikiri kwamba sheria iliyotungwa kuwazuia watu wasikanyage miche ilikuwa inashikwa kwa uaminifu mahali ambapo siku hiyo hapakuwa na mche wa kukanyagwa.

Sisemi hivyo kwa dhihaka. Desturi zote zilizosafiri ziko hivyo. Krismasi yetu ya Kasese ina theluji ya pamba, ingawa theluji ya kweli tunaiona juu ya mlima asubuhi ikiwa safi. Lakini mkulima ndani yangu alihesabu. Julai hadi Oktoba, mtawa wa Bwera, tukimpata, angekaa wakati mzuri: mwezi wa kwanza ukiwa mkavu, miwili iliyobaki ikiwa ndiyo ya maharage kuchipua. Hapo sheria na shamba vinapatana. Tatizo ni Machi. Machi, Aprili na Mei yuko huru kwa mujibu wa Vinaya, na anaweza kupita popote na bakuli lake, katikati ya mvua inayofurisha Nyamwamba, juu ya miche ya jirani yangu.

Vinaya haikuisahau mipaka. Sona Kutikanna wa Avanti, nchi ya mbali na kitovu, alisubiri miaka mitatu apokelewe kuwa mtawa, kwa sababu sheria ilitaka watawa 10 na huko hawakupatikana. Alipopata nafasi ya kumwona Buddha alibeba maombi ya mwalimu wake: kwetu ardhi ni nyeusi na ngumu, imekanyagwa na kwato za ng'ombe, watu hupenda kuoga kila mara, matandiko ni ngozi. Buddha akakubali yote. Kwa nchi za mpakani watawa 5 watoshe, mmoja wao awe anaijua sheria. Wavae viatu vya soli nyingi, waoge watakavyo, walalie ngozi za kondoo na mbuzi. Kisha, kama ofisi yoyote ya ardhi, akataja mipaka yenyewe, mashariki mji wa Kajangala, kusini mashariki mto Sallavati, na kuendelea, ili asitokee mtu akajidai yuko mpakani.

Bwera, yenye Mpondwe na Kasindi miguuni, iko mpakani kwa kipimo chochote. Viatu tunavyo, ngozi tunazo, na maji ya kuoga yanashuka Lhubiriha baridi kutoka mlimani. Katika maombi yale ya Avanti hakuna neno juu ya nchi yenye mvua mbili. Avanti nayo mvua yake ilikuwa moja, kwa hiyo hakuna aliyeuliza. Nilimweleza jirani yangu hayo pia. Alisema akija mtawa Machi, wamlete kwake kwanza, atamwonyesha njia ya kupitia.